Wavuvi Waliofagia Bahari

Habari za vita husimuliwa mara nyingi kwa majina ya wakubwa. Tunasikia jina la jemadari, jina la manowari yenye mizinga mikubwa, jina la mji uliotekwa. Lakini ni mara chache tunaambiwa ni nani aliyetangulia mbele ya manowari ili ipate njia. Leo tunataka kuwaeleza habari za hao waliotangulia. Hawakuwa askari tangu ujana wao. Walikuwa wavuvi wa samaki wa Uingereza, na vyombo vyao vilikuwa vyombo vya samaki, vyenye kunuka samaki mpaka vitandani. Katika vita viwili vikubwa vya karne iliyopita, vile vya 1914 hadi 1918 na vile vya 1939 hadi 1945, watu hao walitumwa kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini.

Tumezichagua habari hizi kwa sababu mbili. Kwanza, sisi wa nchi za maziwa tunajua maana ya wavu na mashua. Hatuhitaji maneno mengi ili tuelewe kazi ya mvuvi. Pili, ziko kazi ambazo watu huzidharau, na kumbe bila kazi hizo hakuna mkubwa awezaye kupita. Jambo hilo tunaliona hata vijijini mwetu.

Bomu la bahari ni kitu gani?

Tuanze na adui mwenyewe. Bomu la bahari la zamani lilikuwa kama mtungi mkubwa wa chuma, wa mviringo, uliojaa baruti kali. Ndani yake mliachwa nafasi ya hewa, kwa hiyo lilitaka kuelea. Lakini lilifungwa kwa kamba ya chuma, na kamba hiyo ilishikwa na uzito mkubwa uliokaa chini kabisa. Basi bomu lilisimama katikati ya maji, mita chache chini ya uso wa bahari, mahali ambapo jicho halioni. Juu yake zilitokeza pembe fupi. Meli ikigusa pembe moja, bomu hupasuka, na maji huingia katika tumbo la meli.

Silaha hiyo ina ubaya wa pekee. Mwenye bunduki humwona mtu anayempiga. Bomu la bahari halimwoni mtu. Halichagui askari wala abiria, halijui bendera, wala halijui kama vita vimekwisha. Aliyelitega aweza kuwa amerudi kwake na kulea watoto, au amekwisha kufa, nalo bado linangoja.

Nguvu ya mabomu hayo ilionekana wazi katika vita vya Warusi na Wajapani. Mwaka 1904 manowari ya Kirusi iitwayo Petropavlovsk iligonga bomu karibu na Port Arthur ikazama pamoja na jemadari Makarov. Mwezi uliofuata Wajapani nao walipoteza manowari mbili kubwa siku moja kwa mabomu ya Warusi. Mataifa mengine yakashtuka. Manowari iliyojengwa miaka mingi kwa fedha nyingi yaweza kuzamishwa na mtungi wa bei ndogo! Wakaanza kuulizana: nani atasafisha njia?

Kwa nini wavuvi?

Jibu lilipatikana Grimsby, mji wa wavuvi katika pwani ya mashariki ya Uingereza. Mwaka 1907 jemadari wa majini Charles Beresford alifika huko, akatazama vyombo vya samaki vinavyokwenda kwa mvuke, akatoa shauri kwamba vyombo hivyo na watu wake watumiwe kuondoa mabomu wakati wa vita.

Ili tuone hekima ya shauri hilo, tuangalie jinsi wavuvi wale walivyofanya kazi. Wavu wao ulikuwa kama mfuko mkubwa wenye mdomo mpana. Chombo kiliukokota chini ya bahari kwa kamba mbili ndefu za chuma. Ili mdomo wa mfuko usifumbe, kila kamba ilifungiwa ubao mzito uliotiwa vyuma na kuwekwa mshazari. Chombo kikienda, maji yalisukuma ubao mmoja kuume na wa pili kushoto, mdomo ukabaki wazi, samaki wakaingia. Mbele ya chumba cha nahodha palikuwa na winchi kubwa ya mvuke ya kuvutia kamba hizo.

Basi mvuvi wa namna hiyo alijua mambo matatu ambayo askari wa manowari hakuyajua. Alijua kukokota kitu kizito chini ya maji, usiku na mchana, katika baridi na mawimbi. Alijua kwa mkono wake kama kamba imeshika mwamba au imeshika samaki. Tena alijua kuunganisha waya uliokatika huku chombo kinayumba. Chombo chake nacho kilikuwa na winchi tayari, kilikuwa na nguvu ya kukokota, na kilijengwa kwa ajili ya bahari mbaya. Hapakuwa na haja ya kutengeneza kitu kipya kabisa. Kilichotakiwa ni kubadili mzigo ulio mwishoni mwa kamba.

Mwaka 1908 vyombo viwili vya Grimsby, Algoma na Andes, vilijaribiwa katika kazi hiyo huko Portland, navyo vikafaulu. Mwaka 1910 serikali ya Uingereza ikaunda kikosi cha akiba cha wavuvi. Wakati wa amani waliendelea kuvua. Walifundishwa kidogo kila mwaka. Vita vikija, wangeitwa.

Chombo cha samaki chageuzwa

Vita vilipotokea mwezi wa Agosti 1914, wakaitwa. Chombo kililetwa gatini, na mafundi wakaingia. Nyavu zilishushwa. Chumba cha kuwekea samaki na barafu kilioshwa, kikatengenezwa kuwa mahali pa kulala watu au pa kuwekea baruti. Juu ya sehemu ya mbele walifunga mzinga mdogo. Chombo kikapakwa rangi ya kijivu na kuandikwa namba. Jina lake lilibaki lile lile la zamani. Kampuni moja ya mji wa Hull ilikuwa imevipa vyombo vyake majina ya watu wa michezo ya Shakespeare, na kwa hiyo majina kama Viola yalikwenda vitani pamoja na mizinga.

Nahodha naye alibaki yule yule. Jana alimwuzia tajiri samaki. Leo amevaa koti la jeshi la majini na kupiga saluti. Wengi wao saluti hiyo iliwashinda kidogo. Maafisa waliotoka katika vyuo vya jeshi waliwacheka kwa nguo zao, kwa maneno yao, kwa tabia yao ya kumwita mtu kwa jina bila cheo. Lakini bahari haimwulizi mtu cheo chake.

Kazi hiyo waliiita kufagia. Vyombo viwili vilikwenda sambamba, vikiachana kama mita 450, na katikati yao ilikokotwa kamba moja ya chuma, iliyozamishwa kwa vyombo vizito vya mbao na chuma mpaka kimo kilichotakiwa. Wazia watoto wawili wakishika ncha mbili za kamba na kupita katika majani marefu: majani yote yaliyo kati yao yatainamishwa. Vivyo hivyo kamba ya wafagiaji ilipita majini. Ikikutana na kamba iliyoshika bomu, iliisugua na kuikata. Bomu likaibuka juu, likielea kama kichwa cha kiboko. Hapo mabaharia walilipiga kwa bunduki kutoka mbali, mpaka likatoboka na kuzama, au likapasuka kwa mshindo.

Lakini hatari ilikuwa wapi? Ilikuwa hapa: kamba ilikuwa nyuma ya vyombo. Kabla kamba haijapita mahali fulani, chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kupapita. Mfagiaji alikanyaga kwanza, ndipo akafagia.

Sisi wa ziwani hatujui maji kujaa na kupwa, kwa hiyo inatupasa kueleza jambo lingine. Katika Bahari ya Kaskazini maji hupanda na kushuka mara mbili kila siku, mita kadhaa. Maji yakijaa, bomu lililofungwa chini hubaki mbali na uso, na chombo chaweza kupita juu yake salama. Maji yakipwa, bomu lile lile hukaribia juu. Kwa hiyo wafagiaji walipenda kufanya kazi maji yakiwa yamejaa. Lakini meli za chakula na makaa zilikuwa zinangoja njia, na mara nyingi amri ilitoka kwamba wafagie hata maji yakiwa yamepwa.

Scarborough, Desemba 1914

Tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, zilitokea ghafula katika pwani ya mashariki ya Uingereza na kuipiga mizinga miji ya Scarborough, Whitby na Hartlepool. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na wengi wao walikuwa raia. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Lakini palikuwa na jambo la pili lililofanyika kimya. Wakati mizinga inalia, manowari moja, Kolberg, ilikuwa ikitega mabomu 100 mbele ya pwani ile ile.

Baada ya siku chache wafagiaji waliletwa mahali hapo. Walipokuwa wanakokota kamba zao siku ya tarehe 19, mabomu 18 yalinaswa au kupasuka katika dakika chache tu. Bahari ilisimama juu pande zote. Chombo kiitwacho Orianda kiligonga bomu kikazama kikiwa bado kinakwenda mbele. Kingine, Passing, kilitobolewa vibaya upande wa mbele kikaburutwa mpaka pwani. Siku iliyofuata Garmo kikazama, na siku ya Noeli kikazama Night Hawk. Waliobaki waliendelea na kazi mpaka mwaka mpya, na kuendelea tena.

Tulipozisoma habari hizi kwa mara ya kwanza, jambo moja lilitugusa kuliko mishindo yote. Watu wa Scarborough walioangukiwa na makombora walijulikana kwa majina, wakaliliwa na taifa, na ndivyo ilivyostahili. Wavuvi waliokufa mbele ya mji ule ule, juma lile lile, katika kusafisha njia ya meli zinazoleta unga na makaa, habari zao hazikuenda mbali. Hakuna aliyewaona wakifa, ila wenzao.

Dardanelles: lawama juu ya wanyonge

Mwaka 1915 Waingereza na Wafaransa walitaka kupita kwa nguvu katika mlango wa bahari wa Dardanelles, ili wafike Istanbul, mji mkuu wa Waturuki. Mlango huo ni mwembamba. Waturuki walikuwa wametega mistari ya mabomu kutoka ukingo hata ukingo, na juu ya ukingo waliweka mizinga na taa kali za kumulika maji usiku.

Nani alitumwa kuondoa mabomu hayo? Ni wavuvi wale, katika vyombo vyao, ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wakivua samaki kaskazini.

Tupime jambo hilo kwa haki. Maji ya mlango ule hutiririka kwa nguvu kama mto kutoka Bahari ya Marmara. Chombo cha samaki kinapokokota kamba hakina mbio hata katika maji yaliyotulia. Kikipanda dhidi ya mkondo ule kilikwenda kama mtu anayetembea kwa miguu. Tumbo la chombo lilishuka majini kuliko kimo cha mabomu mengine, kwa hiyo kila hatua ilikuwa hatua ya kifo. Na juu ya hayo, taa ziliwamulika na mizinga ikawapiga kutoka pande mbili. Usiku wa tarehe 10 Machi chombo kimoja kiligonga bomu kikazama. Usiku wa tarehe 13 walijaribu tena, na vyombo kadhaa vikavunjwa kwa makombora. Mara nyingine vyombo viligeuka na kurudi kabla ya kazi kwisha.

Ndipo lawama zikaanza. Baadhi ya maafisa wakubwa walikasirika, wakasema wavuvi hawana moyo. Wavuvi wakajibu, kama tunavyoambiwa na waandishi wa historia, kwamba mabomu hawayaogopi, hiyo ndiyo kazi yao waliyoifundishwa. Lakini kupigwa mizinga huku wakifanya kazi hiyo si jambo waliloandikiwa.

Je, walikuwa waoga? Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayepita juu ya bomu ili mwingine apite salama, hawezi kuitwa mwoga kwa sababu amekataa kufa bure. Waliotoa amri walikuwa na manowari za chuma kinene, lakini manowari hizo zilikaa mbali usiku, zikingoja wenye vyombo vya bati wamalize. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Anayelaumu kutoka mbali na apande kwanza chombo kile.

Matokeo yalionekana upesi. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Machi chombo kidogo cha Waturuki, Nusret, kilikuwa kimetega mstari mpya wa mabomu 26 karibu na ukingo, mahali ambapo manowari zilizoea kugeukia. Mstari huo haukuondolewa. Tarehe 18 Machi 1915 manowari kubwa ziliingia mchana kwa fahari. Bouvet ya Wafaransa iligonga bomu ikazama katika dakika mbili tatu na watu zaidi ya 600. Irresistible na Ocean za Waingereza zikapotea siku hiyo hiyo. Jeshi likarudi nyuma, na njia ile ya bahari haikufunguliwa tena kwa nguvu ya manowari. Wale waliodharauliwa ndio walioshika ufunguo wa mlango wote, nao walikuwa wamepewa zana zisizofaa kitu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe

Kwa miaka iliyofuata kazi ilitengenezwa vizuri zaidi. Chombo kimoja cha uvuvi, Oropesa, kilitumiwa kujaribu mtambo ambao kwao chombo kimoja peke yake kiliweza kufagia, bila mwenzake. Kamba ilikokotwa nyuma ikavutwa upande na ubao ulioning'inizwa chini ya boya. Yaani ni ubao ule ule wa mvuvi, kazi mpya. Mtambo huo ukaitwa Oropesa, na jina hilo likadumu katika majeshi ya majini muda mrefu baada ya chombo chenyewe kusahauliwa.

Mwezi wa Novemba 1918 mizinga ikanyamaza. Askari wengi wakarudi kwao. Wafagiaji hawakurudi. Kwani bahari ilikuwa bado imejaa mitego. Waamerika na Waingereza walikuwa wametega mabomu zaidi ya 70,000 kati ya visiwa vya Orkney na pwani ya Norwe, ili kuzuia nyambizi za Wajerumani. Mabomu hayo sasa yaliwangoja rafiki. Mwaka 1919 Waamerika walikuja kuyaondoa, na kwa kuwa vyombo vyao havikutosha waliazima vyombo 20 vya uvuvi kutoka kwa Waingereza. Tarehe 12 Julai 1919, miezi minane baada ya vita kwisha, kimoja cha vyombo hivyo, Richard Bulkeley, kilipasuliwa na bomu kikazama na nahodha wake Frank King na watu wengine sita. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wazee. Na mara nyingi anayeingia si yeye aliyetoa amri ya kuchimba.

Bomu lisiloguswa

Vyombo vilivyopona vilirudishiwa nyavu. Viola ya Hull iliuzwa Norwe mwaka 1919, ikabadilishwa jina, ikawinda nyangumi, kisha ikaenda mpaka kisiwa cha South Georgia, karibu na barafu za kusini mwa dunia. Iko huko hata sasa, katika bandari ya Grytviken, yenye kutu, lakini mashini yake ya mvuke imo bado ndani yake.

Miaka 20 na kidogo tu ikapita, vita vikaja tena. Mwisho wa Agosti 1939 wavuvi wa akiba waliitwa katika mji wa Lowestoft, penye bustani iitwayo Sparrow's Nest, ambayo ilikuwa mahali pa michezo na nyimbo. Hapo ndipo palipokuwa makao ya tawi lao, Royal Naval Patrol Service. Watu waliwatania kwa kuwaita jeshi la Harry Tate, jina la mchekeshaji aliyechekesha watu kwa motokari yake isiyokwenda sawa. Wavuvi hawakukasirika, wakalichukua jina la dhihaka wakalifanya la heshima. Baadaye walipewa alama ya fedha ya kuvaa mkononi, na hakuna tawi jingine la jeshi lile la majini lililokuwa na alama yake ya namna hiyo.

Safari hii Wajerumani walileta bomu jipya. Halikuwa na pembe wala kamba. Lilidondoshwa kwa eropleni au kuachwa na nyambizi, likalala chini katika matope. Kila meli ya chuma ina nguvu ndogo kama ya sumaku, nalo bomu liliisikia nguvu hiyo meli ilipopita juu yake, likapasuka bila kuguswa. Kamba ya wafagiaji ilipita bure, kwani hapakuwa na kitu cha kukata. Katika mwezi wa Novemba 1939 meli nyingi zilizama karibu na mlango wa mto Thames, na bandari ya London ilikaribia kufungwa.

Usiku wa tarehe 22 Novemba eropleni ya Wajerumani iliangusha bomu la namna hiyo katika matope ya Shoeburyness, maji yakapwa, likaonekana. Kesho yake afisa John Ouvry na wenzake walilisogelea kwa vyombo vya shaba nyeupe na shaba nyekundu visivyovutwa na sumaku, wakalifungua kidogo kidogo, naye akijua kwamba kosa moja lingekuwa la mwisho. Siri ikajulikana. Baada ya muda wafagiaji walipewa kamba nene zinazoelea, zilizopitishwa nguvu ya umeme. Vyombo viwili vikienda sambamba na kutuma umeme kwa pamoja, bahari iliyo nyuma yao ilijaa nguvu ya sumaku, na mabomu yakapasuka mbali nyuma. Wajerumani wakaleta bomu linalosikia sauti ya mashini. Wafagiaji wakafunga nyundo kubwa mbele ya chombo ili kulipigia kelele lipasuke kabla hawajalifikia. Ndivyo ilivyokuwa miaka sita: mtegaji anabuni, mfagiaji anajibu, na jibu mara nyingi lililipwa kwa chombo na watu.

Kongo na njia iliyosafishwa

Msomaji wetu aweza kuuliza: mambo hayo ya bahari ya mbali yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Wakati wa vita hivyo shaba na bati na mpira wa Kongo vilipelekwa kwa mataifa yaliyopigana na Wajerumani. Wazee wetu walivitoa ardhini na porini kwa jasho jingi, wengine kwa kulazimishwa. Meli zilizobeba mizigo kwenda Uingereza ziliingia bandarini kwa njia nyembamba iliyofagiwa asubuhi hiyo. Basi mchimbaji wa Katanga na mvuvi wa Grimsby walishika kamba moja, hata kama hawakuonana wala kusikia jina la kila mmoja.

Tena wazee wa Matadi na wa Boma wanajua jina la Antwerp, bandari ya Ubelgiji ambako meli za Kongo zilikwenda na kurudi. Mji huo ulikombolewa tarehe 4 Septemba 1944, na magati yake yalikuwa mazima. Lakini hakuna meli iliyoweza kuingia! Mto Scheldt, ambao ni njia ya kufika mjini, ulikuwa bado mikononi mwa Wajerumani kwenye mlango wake, na maji yake yalijaa mabomu. Kingo za mto zilipotekwa kwa vita vikali, wafagiaji waliingia mwezi wa Novemba, wakaondoa mabomu zaidi ya 200. Tarehe 28 Novemba ndipo msafara wa kwanza wa meli ulipofika. Karibu miezi mitatu jeshi zima lilikuwa na bandari nzuri mkononi bila kuweza kuitumia.

Wabelgiji wenyewe nao walikuwamo katika kazi hii. Wengi wa wavuvi na mabaharia wao walikimbilia Uingereza mwaka 1940, na huko wakaunda kikosi cha Kibelgiji ndani ya jeshi la majini la Waingereza, wakapewa vyombo vya kufagia mabomu. Mpaka leo jeshi la majini la Ubelgiji linajulikana kwa ustadi huo, na mjini Oostende iko shule ya kufundisha kazi hiyo pamoja na Waholanzi.

Wasio na kaburi

Baada ya vita vya pili mambo yalikuwa yale yale ya 1919, ila makubwa zaidi. Mataifa yaligawana bahari ili kuzisafisha. Wajerumani walioshindwa walipangwa chini ya Waingereza, watu kama 27,000 wenye vyombo karibu 300, wakaondoa mabomu, mengine yakiwa ya kwao wenyewe, mpaka mwisho wa mwaka 1947. Walikuwa adui jana. Leo wanashika kamba ile ile. Bomu halikujua tofauti yao.

Huko Lowestoft, katika bustani juu ya Sparrow's Nest, ilisimamishwa nguzo mwaka 1953. Imeandikwa majina 2,385 ya watu wa tawi lile ambao hawana kaburi ila bahari. Sisi tunaojua uchungu wa kumlilia mtu ambaye mwili wake haukurudi, tunafahamu maana ya jina lililoandikwa mahali ambapo mama aweza kuligusa kwa kidole.

Na mabomu? Hayajaisha. Wavuvi wa Bahari ya Kaskazini bado huyapata katika nyavu zao. Mwezi wa Aprili 2005 wavuvi watatu wa Uholanzi waliuawa wakati bomu la vita vya pili lilipopasuka juu ya chombo chao, limevutwa pamoja na samaki. Lilikuwa limelala majini miaka 60. Watu hao watatu hawakuwa na vita na mtu yeyote.

Tukumbuke nini katika habari hizi ndefu? Tukumbuke kwanza kwamba vita haviishi siku wakubwa wanapotia sahihi. Huisha siku yule wa mwisho anaporudi salama kutoka katika kazi ya kuokota vilivyotegwa. Nchi yetu inalijua hilo: katika majimbo ya mashariki makombora na mabomu yaliyoachwa na vita vya miaka mingi bado yanaokotwa mashambani na kando ya njia, na wanaoyaokota mara nyingi ni watoto wanaodhani ni chuma cha kuchezea au cha kuuza. Wazazi, waambieni watoto wenu neno hili kila mara: kitu cha chuma usichokijua usikiguse, usikipige jiwe, usikitupe motoni. Weka alama mbali nacho, kimbia ukamwambie mtu mzima, naye apeleke habari kwa wakubwa wa mahali na kwa wale waliofundishwa kuviondoa.

Pili, tuwaheshimu wanaotangulia. Katika kila kijiji yuko mtu anayefyeka njia kabla ya mvua, anayezibua mfereji, anayeshuka kisimani kutoa uchafu. Hatumpi kiti cha mbele, na akichelewa tunamlaumu. Wavuvi wa Grimsby na Hull na Lowestoft walilaumiwa namna hiyo, na bado asubuhi iliyofuata waliwasha moto wa mashini na kutoka bandarini, wawili wawili, kamba katikati yao, ili mwingine apite.